Mapumziko ya Masaa Manne kwa Mujibu wa Kifungu cha Kwanza

Usiku wa kuamkia Jumatatu ya wiki hii niliota Sheria imekuja nyumbani kwetu, na ilikuwa haiwezi kutembea.

Ilikuwa imekaa kizingitini, kijitabu chembamba chenye jalada la kijani, imelowa ukungu wa Tukuyu, inatetemeka. Nikaiuliza wewe nani. Ikajibu kwa sauti ya mtu aliyekatishwa usingizi.

"Mimi ni Sheria ya Wanaouguza Nyumbani. Nimepitishwa."

"Karibu ndani."

"Siwezi. Nimepitishwa, lakini sijaanza kutumika. Miguu inakuja na kanuni, na kanuni zinaandaliwa."

"Zitakuwa tayari lini?"

"Kwa wakati mwafaka."

Haya bwana. Mimi kubeba nimezoea. Nikachukua kitenge, nikaiinua, nikaifunga mgongoni kama mtoto. Ilikuwa nyepesi mno kwa kitu kilichopitishwa, hata nikaionea huruma.

Kabla sijaendelea nieleze niko katika hali gani, msije mkadhani naota ovyo. Naitwa Subilaga. Nina miaka hamsini na miwili, na nilikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Mama yangu alipata kiharusi miaka minne iliyopita. Upande wote wa kulia ukapooza, na maneno yakamtoka akabaki na moja tu, "ndaga", ambalo kwetu ni asante. Akitaka uji, ndaga. Akijikojolea, ndaga. Akichomwa sindano, ndaga. Ndiye mtu pekee nchi nzima anayenishukuru, na anaishukuru hata ndoo.

Nina kaka mmoja, Ambokile, yuko Dar es Salaam. Ambokile ananisaidia sana. Kila asubuhi kwenye kundi la familia la WhatsApp huniwekea ile picha ya viganja viwili vilivyounganishwa, na siku za sikukuu huiweka mara tatu.

Na nina uvimbe kwapani. Ulianza kama choroko, sasa ni harage. Zahanati walinipa barua niende hospitali, ambako daktari wa mambo hayo anakuja Jumanne tu. Nimeshakosa Jumanne tatu. Ya kwanza mama aliharisha. Ya pili jirani yangu Mama Gwantwa aliahidi kukaa naye, asubuhi akaniambia nimsamehe, kuna msiba. Ya tatu nilifika mpaka kwenye geti la hospitali, nikamfikiria mama amelalia ubavu mmoja tangu alfajiri, nikarudi. Habari za uvimbe sikumwambia mtu. Nimwambie nani, na saa ngapi? Ninachotaka mimi ni masaa manne tu ya mtu mwingine kukaa na mama. Sitaki shamba, sitaki nyumba. Masaa manne.

"Masaa manne yapo," Sheria ikasema mgongoni kwangu. "Kifungu cha kwanza. Kila anayeuguza nyumbani atapata mapumziko ya masaa manne kwa wiki."

"Nayapataje?"

"Kifungu cha pili. Atafika ofisini yeye mwenyewe, bila kumwacha mgonjwa peke yake."

"Basi nitaenda naye."

"Na bila kwenda naye. Wagonjwa wanaleta msongamano."

"Sasa hao waliokuandika walikuwa wanawaza nini?"

Sheria ikafikiri. "Walipiga makofi," ikasema. "Makofi nayakumbuka vizuri."

Nafungua mlango wa jikoni nichukue mkaa, na jikoni hakuna. Pana ofisi. Ina feni isiyozunguka, bango linalosema HUDUMA YETU NI FAHARI YAKO, na mezani kuna soda ya mtu, imefunikwa na kisahani.

Nashukuru Mungu kwa ukaribu wa huduma. Nasukuma kitanda cha mama mpaka mlangoni. Miguu miwili ya kitanda inabaki chumbani, miwili inaingia ofisini. Kichwa cha mama kiko nyumbani, nyayo zake ziko serikalini. Sheria inachungulia begani kwangu, inapiga mahesabu.

"Hujamwacha, na hujaja naye," inasema. "Hiyo inakubalika."

"Ndaga," anasema mama.

Kiti cha kusubiria kiko kimoja. Nakikalia.

"Taratibu," kinasema. "Nina mgongo."

"Pole. Hata mimi."

"Umefuata nini hapa?"

"Mapumziko."

Kiti kinacheka mpaka kinaninesanesa. Kinaniomba radhi. "Mimi ni kiti, mama. Kazi yangu yote ni kupumzisha watu. Tangu niletwe hapa sijamwona hata mmoja aliyeondoka amepumzika. Wengine nimewazeesha mimi mwenyewe."

Wakaniita. Afisa alikuwa muhuri. Muhuri wa mpira, mwenye mpini wa mbao, amekaa juu ya sponji ya wino kama mama mkwe aliyekuja kukaa mwezi mzima. Alikuwa amevaa miwani.

"Jina la marehemu?" akauliza.

"Hakuna marehemu. Kuna mgonjwa. Yuko pale mlangoni, nyayo zake ndizo zile."

Muhuri aliziangalia nyayo za mama kwa heshima. "Fomu haina sehemu ya mgonjwa."

"Kwani hii siyo ofisi ya wanaouguza?"

"Ndiyo yenyewe. Mama, nikueleweshe. Sheria hiyo uliyobeba imetuagiza tuimarishe huduma za jamii zilizopo ngazi ya kijiji. Tukatuma timu ikafanye utafiti. Timu imekaa miezi sita, imekula ndizi za kutosha, ikagundua kijijini huduma inayofanya kazi ni moja."

"Ipi?"

"Kamati ya msiba."

Na ni kweli tupu. Kwetu mtu akiumwa miaka minne utadhani kijiji kimehama. Akikata roho saa tatu, saa nne turubai limeshafungwa, mwenyekiti amepatikana, katibu amepatikana, na kuna watu wawili wanagombania uwekahazina. Sisi kwa msiba hatujambo. Wahenga walisema kufa kufaana, na nadhani walisema hivyo wakiwa wameshika sahani.

"Kwa hiyo fomu inafuata huduma iliyopo," Muhuri akaendelea. "Andika jina la mama yako. Tarehe weka unayotaka wewe."

"Lakini yuko hai."

"Hilo halituzuii. Fomu haina haraka."

"Na nitapata mtu wa kukaa naye?"

"Utapata mia tatu."

Nikaandika. Msinihukumu. Mtu aliyekosa Jumanne tatu ukimtajia watu mia tatu, anaandika. Kwenye tarehe nikaweka Jumanne. Muhuri akaruka juu, akajigonga kwenye karatasi kwa paji la uso, akakaa tena kwenye sponji yake.

"Pole na msiba," akasema.

Nikajibu nimeshapoa, ndivyo nilivyofundishwa kujibu.

Nageuka, na turubai limeshafungwa uani kwetu. Mjumbe wetu, Mzee Asegelile, amesimama katikati na daftari, anagawa kazi: hawa kuni, hawa maji, hawa viti. Wanawake arobaini wanaingia kwa foleni, beseni vichwani. Mama Gwantwa, ambaye ndiye mkuu wa jikoni kwenye kila msiba wa tarafa hii, ameshika mwiko mrefu kama yeye.

Na kazi inafanyika, jamani. Mapipa yote yamejaa maji. Mikungu ya ndizi imepangwa mpaka kwenye mlango wa choo. Shuka za mama zimefuliwa zote, hata zile nilizokuwa nazionea aibu, zinapepea kwenye kamba. Wanawake sita wamemzunguka mama. Wanamwogesha kwa maji ya vuguvugu, wanamwimbia, mmoja anamkata kucha, mwingine anampaka mafuta visiginoni polepole bila kuangalia saa. Wanamgeuza wakiwa wanne wanne. Mimi humgeuza peke yangu, na kiuno changu kinajua.

"Ndaga," mama anawaambia. "Ndaga. Ndaga."

"Marehemu ana adabu," akasema Mama Gwantwa.

"Siyo marehemu, Mama Gwantwa. Si unaona anakujibu?"

"Naona, mwenzangu. Lakini angekuwa mgonjwa nisingepata ruhusa. Mume wangu nikimwambia naenda kumwona mgonjwa, ananiuliza chakula nani atapika. Nikimwambia msiba, ananitafutia viatu."

"Miaka minne, Mama Gwantwa. Nyumba yako na yangu zinatazamana."

"Ndiyo maana naona aibu kuja," akasema, akageukia sufuria lake. Sikutegemea angesema ukweli kwa urahisi hivyo.

Nikamwambia Sheria sasa naondoka. Masaa manne, hospitali na kurudi. Sheria ikasema sawa, haki yako hiyo. Nikatembea mpaka kwenye ua wa mbele, nikiwa na barua ya zahanati mkononi, na miguu ilikuwa myepesi kama ya msichana. Mzee Asegelile akaniita.

"Subilaga, mwanangu. Ratiba umeiona?"

Akanipa karatasi. Juu kulikuwa na picha ya mama, ile ya kitambulisho ambayo amekunja uso. Saa nne, kuaga. Saa sita, historia fupi ya marehemu. Saa nane, mazishi. Saa tisa, chakula, na hiyo ndiyo waliyoipigia mstari.

"Mzee, mama hajafa."

"Tumemwona. Anakula parachichi."

"Sasa mnazika nini?"

"Ndilo linalotusumbua kamati." Akashusha sauti. "Ratiba imeshachapishwa, nakala mia tatu. Kaburi limeshachimbwa, na wewe ni mtu mzima, unajua kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Ni mkosi kwa kijiji kizima."

"Zikeni mgomba. Si ndivyo wazee walivyokuwa wakifanya?"

"Tulijadili mgomba. Mgomba hauna historia fupi."

Akanionyesha kwa kidevu. Chini ya turubai, kwenye kiti cha mbele, alikuwa amekaa Ambokile. Suti nyeusi, miwani nyeusi, leso nyeupe, watu wamepanga mstari kumpa mkono. Miaka minne nimemwomba aje hata wiki moja, kila mara kuna kikao. Nikamwendea.

"Umefikaje?"

"Dada, msiba ni msiba," akasema, akanikumbatia kwa uchungu kabisa.

"Kifungu cha saba," ikasema Sheria kwa sauti ya chini, kama mtu asiyependa kugombanisha ndugu. "Jambo lolote ambalo mgonjwa hawezi kulifanya mwenyewe, anayemuuguza atalifanya kwa niaba yake."

Mzee Asegelile akavua kofia. "Mwanangu, nani anamsainia mama yako karatasi?"

"Mimi."

"Nani anampangia foleni ya dawa?"

"Mimi."

"Siku ya kuhesabiwa, nani aliitika jina lake?"

"Mimi, mzee."

"Basi. Na kufa ndiyo hivyo, hawezi. Tumemsubiri miaka minne."

Nikaona ana hoja. Kwenye ndoto kila mtu ana hoja, tofauti yake na mchana ni kwamba kule unakubali mapema. Nikavua ndala, nikazipanga vizuri, nikaingia kwenye jeneza walilokuwa wamelileta ubavuni mwa kitanda cha mama.

Nasema ukweli wa Mungu, nililipenda. Kitambaa cha ndani kilikuwa satini nyeupe, kimeshonwa ovyo, nyuzi hazikukatwa, lakini laini. Miaka minne sijalala chali bila sikio moja kukesha. Mle ndani hakuna aliyeniita. Wale wanawake wakanifunika miguu, wakaniweka kanga kichwani, na mmoja akainama akaniambia, "Pumzika, Subilaga." Machozi yakanitoka. Nilikuwa nimesahau kwamba neno hilo mtu anaweza kuambiwa akiwa anasikia.

Nikafumba macho. Ndipo uvimbe ukaongea. Muda wote ulikuwa na heshima ya kukaa kimya, leo ukaongea kutoka kwapani kama abiria anayemsemesha mwenzake.

"Tumewahi," ukasema. "Mimi nilikuwa nimetupangia mwakani."

"Wewe nyamaza."

"Sina ugomvi na wewe. Jumanne zile tatu nilikushangaa tu."

Satini ikaanza kunibana. Nikataka kutoka, lakini msema chochote alikuwa ameshashika kipaza sauti, na Ambokile amesimama kusoma historia fupi.

"Dada yetu Subilaga," akasoma, "alikuwa nguzo ya familia. Alimuuguza mama bila kuchoka."

"Nilichoka," nikasema kutoka ndani ya jeneza.

"Bila kulalamika."

"Nililalamika, Ambokile. Nilikutumia ujumbe wa sauti wa dakika saba. Ulinijibu viganja."

Msema chochote akaniinamia, akaziba kipaza sauti kwa mkono. "Marehemu, naomba utulivu. Nafasi ya marehemu kuongea haipo kwenye ratiba."

"Wala hakuwahi kuomba msaada," Ambokile akamalizia, akafuta macho. Watu wakaitikia amina. Wengi walikuwa wanalia kweli, na hilo ndilo lililoniuma, kwamba walikuwa na machozi yote hayo na waliyatunza.

Nikakaa kitako. Jeneza likayumba, waliolishika wakalalamika.

"Nina swali moja," nikasema. "Mama anageuzwa kila baada ya masaa mawili. Asipogeuzwa anatoka vidonda, na vidonda vya namna ile havina mchezo. Saa nane mnanizika. Saa kumi nani atamgeuza?"

Waombolezaji wote wakatazama viatu vyao.

"Mwenzangu," akasema Mama Gwantwa bila kuniangalia, "turubai linaondoka keshokutwa. Sisi tunaondoka na turubai."

Mzee Asegelile akafunua daftari, akapitisha kidole ukurasa mzima. Kulikuwa na kipengele cha kuanua matanga. Kulikuwa na cha kurudisha viti, cha kurudisha masufuria, na cha kutafuta kijiko cha mtu kilichopotea. Cha kumgeuza mama hakikuwepo. Ambokile akasema yeye Alhamisi ana kikao, ila kiroho atakuwa nasi.

Niliogopa. Katika ndoto ile yote ndipo hasa nilipoogopa. Kuzikwa nilikuwa nimeshakubali. Nilichoogopa ni saa kumi, mama amelala vilevile, anauambia ukuta ndaga.

"Sheria," nikasema. "Si wewe ndiyo Sheria? Sema kitu."

Walikuwa wameishusha mgongoni wakaniwekea kifuani, juu ya mikono. Ikajifunua yenyewe mpaka ukurasa wa mwisho, ikasoma kwa kusitasita, kama inayakuta maneno hayo kwa mara ya kwanza.

"Kifungu cha tisa. Anayeuguza akifariki, au akiugua, jukumu litahamia kwa ndugu aliye karibu naye zaidi."

Watu wote wakamgeukia Ambokile. Ambokile akarudi nyuma hatua tatu.

"Ipimwe," akasema Mzee Asegelile.

Wakaleta futi yangu ya ushonaji. Kutoka kwenye jeneza mpaka kwa Ambokile ilikuwa mita nne, na bado alikuwa anarudi nyuma. Shangazi yetu wa Kyela, mita saba, amejificha nyuma ya mikungu. Mzee Asegelile mwenyewe alikuwa mita moja, akakumbusha haraka kwamba yeye si ndugu. Kisha wakapima upande wa pili. Kitanda cha mama kilikuwa kimegusana na jeneza, ubao kwa ubao. Wakavuta futi, wakaitazama, wakampa mzee mmoja mwenye miwani aitazame.

"Sifuri," akasoma.

Muhuri, ambaye sikumwona alipofika, akaruka juu akajigonga kwenye ubao wa kitanda. "Amepatikana. Kuanzia sasa mama ndiye anayekuuguza wewe."

"Haiwezekani. Amepooza. Ana mkono mmoja."

"Sijataja idadi ya mikono," ikasema Sheria, na sauti yake ilikuwa ya aibu. Mimi nilikuwa nimeibeba, nilijua sauti yake.

Watu wakaanza kuondoka. Walikuwa wameridhika, jambo limeshapata mwenyewe. Viti vikapangwa kimoja juu ya kingine, masufuria yakabebwa, turubai likashuka likakunjwa. Ambokile aliniacha na viganja viwili vilivyounganishwa, safari hii kwa mikono yake mwenyewe. Tukabaki mimi na mama, na ukungu ukiingia uani.

Mama akageuza kichwa. Akanitazama. Hayakuwa yale macho ya ndaga. Yalikuwa macho aliyonitazama nayo nilipougua surua nikiwa darasa la kwanza, macho ya mtu anayehesabu pumzi za mwingine.

Akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, ukafika begani kwangu.

"Mama, acha. Utaanguka."

Akavuta. Hana nguvu mama yangu, kilo zake ni za mtoto wa darasa la nne. Alivuta kama mtu anayeburuta gunia la viazi, anavuta, anapumzika, anavuta tena. Alifanya kila kitu kama mimi ninavyomfanyia yeye. Bega kwanza. Halafu nyonga. Halafu goti la juu likunjwe kidogo, lisilalie lenzake. Nikashangaa kajifunzia wapi. Kisha nikakumbuka nimekuwa nikimfundisha mara kumi na mbili kwa siku, miaka minne, nikidhani namgeuza tu.

Aliponimaliza akachomoa mto chini ya kichwa chake, akauweka katikati ya magoti yangu.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka kabisa, saa moja na nusu. Sijawahi kulala mpaka saa moja na nusu tangu mama augue. Mimi hulala kwenye godoro chini, ubavuni mwa kitanda chake kifupi, na hulalia ubavu wa kushoto ili nimtazame. Sijawahi kubadilisha. Lakini nilikuwa nimelalia ubavu wa kulia, nimeelekea ukutani, goti la juu limekunjwa, na katikati ya magoti yangu kulikuwa na mto.

Mto wangu ulikuwa mahali pake, chini ya kichwa changu.

Nikageuka polepole. Mama alikuwa macho. Kichwa chake kilikuwa juu ya godoro tupu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unaning'inia ukingoni mwa kitanda, vidole vimegusa shuka langu, na paji lake la uso lilikuwa limelowa jasho kwenye baridi ile yote.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, kutokea ndani.

Sikumwuliza kitu. Nililia kwanza, nikalia vizuri, mbele yake, jambo ambalo nilikuwa nimejikataza. Kisha nikamrudishia mto wake, nikamgeuza, nikamfuta jasho. Uji nikauacha kwanza. Nikachukua simu, nikampigia Ambokile.

Akapokea haraka, sauti imejaa hofu. Sijampigia mwezi wa tatu sasa.

"Dada? Kuna nini? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Panda basi la leo jioni, kesho ni Jumanne. Mama amechoka kuniuguza."

Nilimsikia anavuta kiti, anakaa.

"Kukuuguza wewe? Kwani wewe unaumwa?"

Nikamtazama mama. Alikuwa ananitazama, anasubiri nijibu.

"Ndiyo, Ambokile," nikasema. "Naumwa."